Mbwa akipinda ubavuni, mtazame kwanza anayemwongoza

KWA mtu anayeyaona kwa mara ya kwanza, mashindano ya utii wa mbwa hayana msisimko wowote. Mtu mmoja anaingia uwanjani na mbwa wake, anatembea, anageuka kulia, anageuka kushoto, anaongeza mwendo, anaupunguza, anasimama. Mwamuzi anawafuata akiwa na karatasi mkononi. Hakuna anayeshangilia, na baada ya dakika chache kazi imekwisha.

Hata hivyo, matembezi hayo ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya hesabu ya siku hiyo. Katika daraja la wanaoanza la mashindano ya chama cha mbwa cha Marekani, American Kennel Club (AKC), pointi zote ni 200. Kati ya hizo, pointi 40 ni za kutembea mbwa akiwa na kamba, pamoja na kuzunguka umbo la namba 8, na nyingine 40 ni za kutembea akiwa hana kamba. Ili kufaulu, mshindani anatakiwa kupata angalau pointi 170, na katika kila zoezi avuke nusu ya pointi zake. Aliyepoteza 31 hurudi nyumbani mikono mitupu, hata kama mbwa wake alikuja mbio alipoitwa na kutulia alipoambiwa atulie.

Kutembea huko kuna jina lake katika kila lugha ya mchezo huu. Waingereza na Wamarekani hutoa amri kwa neno lao la kisigino, Wajerumani hutamka "Fuß", yaani mguu. Maana ni moja: mbwa akae upande wa kushoto wa anayemwongoza na asiachane naye. Upande wa kushoto huelezwa kuwa ni urithi wa wawindaji na askari, ambao mkono wao wa kulia ulikuwa na bunduki.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye mbwa anayemfahamu zaidi ni yule wa getini au yule anayezunguka na mlinzi usiku, anaweza kuuliza kuna ugumu gani katika kumfanya mnyama atembee kando ya mtu. Jibu ni kwamba kutembea kando si kazi kubwa. Kazi ni kutembea kando huku mbwa akiwa amenyooka kama rula, na huku macho yake yakiwa kwa mwongozaji wake tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Mambo hayo mawili hupigana, na aghalabu anayeyagombanisha ni binadamu mwenyewe.

Kilichomo katika sheria

Mchezo huu ulifika Marekani kutoka Uingereza. Mwaka 1933 bibi mmoja mfugaji wa mbwa aina ya Poodle, Helen Whitehouse Walker, aliandaa jaribio la kwanza la utii huko Mount Kisco, katika jimbo la New York. Mbwa walioshiriki walikuwa wanane tu. Alikuwa amechoshwa na kejeli kwamba Poodle ni mbwa wa urembo asiye na akili, akataka kuonyesha kwamba chini ya manyoya yale yaliyonyolewa kwa madoido kuna mnyama anayefundishika. AKC ilipitisha kanuni zake za utii mwaka 1936. Mwaka uliofuata Bibi Walker na mwenzake, Blanche Saunders, walifunga safari ya kuizunguka nchi hiyo kwa gari lenye tela, wakiwa na mbwa wao, wakautangaza mchezo kwa mwendo wa takriban kilomita 16,000.

Kanuni za leo zinaeleza mahali pa mbwa kwa maneno machache. Sehemu ya mwili wake kuanzia kichwani hadi begani iwe sambamba na nyonga ya kushoto ya mwongozaji. Mwili wake wote unyooke kuelekea kule anakoelekea mwongozaji. Awe karibu, lakini asimsonge kiasi cha kumnyima nafasi ya kutembea. Mwongozaji anaposimama, mbwa huketi papo hapo bila kuambiwa, na kuketi huko nako kuwe kwa mstari ulionyooka.

Kila kinachokwenda kinyume na hayo kina bei yake. Mwamuzi hukata kuanzia nusu pointi. Mbwa anaweza kutangulia, anaweza kubaki nyuma, anaweza kutembea mbali na mguu au kumgonga mwongozaji gotini, anaweza kuketi akiwa ametupa makalio pembeni. Nusu hapa na nusu pale ni vitu vidogo, lakini zoezi lina mageuko, mabadiliko ya mwendo na vituo, na mbwa mwenye kasoro ya kudumu huilipia kila mahali.

Katika karatasi hiyo hiyo yamo makosa ya mtu. Kamba iliyokaza hukatwa pointi. Mwongozaji anayepunguza mwendo ili amsubiri mbwa, au anayekimbia ili amfikie, naye hukatwa, kwa kuwa kanuni inamtaka atembee kwa mwendo wa kawaida wenye uchangamfu na mbwa ndiye amfuate. Anayeendelea kumvuta mbwa kwa kamba toka mwanzo hadi mwisho anaweza kuandikiwa sifuri kwa zoezi zima. Kwa maneno mengine, sheria yenyewe haiamini kwamba mbwa ndiye mkosaji pekee uwanjani.

Macho huvuta kichwa, kichwa huvuta mgongo

Tatizo la unyoofu huanzia mahali ambapo mtu hapatarajii, nalo ni kule kutaka kwake mbwa amtazame. Mbwa yuko kushoto, uso wa mtu uko juu na kulia kwake. Ili auone vizuri uso huo, njia rahisi kwa mbwa ni kusogea mbele kidogo, kisha kukunja shingo kulia kana kwamba anataka kulizunguka goti la mtu. Shingo ikishakunjwa hivyo, uti wa mgongo huifuata. Sehemu ya mbele ya mbwa huingia ndani, ya nyuma hutoka nje, na mnyama huyo sasa anatembea mshazari kama gari lililopinda ekseli.

Kwa mtazamaji, mbwa huyo anapendeza. Kichwa kiko juu, macho yanang'aa, mkia unatikisika. Mwamuzi aliyesimama nyuma yao, lakini, haoni macho. Anaona makalio yaliyo nje ya mstari, na anakata.

Wakufunzi wengi wenye uzoefu huanza kwa kuubadilisha mlengo wa macho. Si lazima mbwa aangalie pua ya bwana wake. Mbwa mrefu anaweza kufundishwa kuangalia kwapa au bega la kushoto, na mbwa mfupi akaangalia paja au mshono wa suruali, ili mradi kitu anachokiangalia kiko juu yake moja kwa moja na si mbele yake. Mlengo ukiwa juu, kichwa huinuka bila kuuvuta mgongo pembeni. Kwa mbwa mwenye miguu mifupi kumlazimisha atazame uso ni kumtesa bure, maana uso huo uko mbali mno juu ya kichwa chake.

Jambo la pili, na hili ndilo kiini cha kadhia nzima, ni mahali zawadi inapofikia mdomo wa mbwa. Watu wengi hutumia mkono wa kulia. Kipande cha nyama kiko katika mfuko wa kulia, mkono wa kulia unakitoa na kukivusha mbele ya tumbo hadi kwa mbwa. Katika safari hiyo fupi mbwa hukiona kikija, na hukifuata kwa kuingiza kichwa mbele ya miguu ya mtu. Baada ya marudio mia mbili amejifunza somo moja lililo wazi: malipo yako upande wa kulia mbele. Anapinda kwa sababu amelipwa ili apinde.

Dawa yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuizoea. Zawadi itoke mkono wa kushoto, ishuke kandokando ya mshono wa suruali, na imfikie mbwa pale pale ambapo kichwa chake kinatakiwa kuwa, au hata sentimita chache nyuma ya hapo kwa yule mwenye tabia ya kutangulia. Kwa mbwa ambaye tayari ametoka nje kwa nyuma, wapo wanaoipeleka zawadi kidogo upande wa kushoto wa pua yake. Kichwa kikielekea nje, makalio huingia ndani. Mbwa hajui kwamba anarekebishwa. Anajua tu kwamba chakula kimepatikana upande ule.

Beseni kabla ya hatua

Kosa la kawaida la anayeanza ni kutembea. Anamfunga mbwa kamba, anatoka naye, na kuanza kusahihisha huku wakienda. Mafunzo mazuri ya zoezi hili huanza mtu akiwa amesimama mahali pamoja, na kwa wiki kadhaa hakuna hatua ndefu inayopigwa.

Sababu yake iko katika umbile la mnyama. Mbwa huendesha maisha yake kwa kichwa na miguu ya mbele. Anakotaka kwenda hupeleka pua, na miguu ya nyuma huja yenyewe. Mbwa wengi hawana mazoea ya kuihamisha miguu hiyo kwa makusudi, kuipeleka kulia au kushoto wakati ya mbele imetulia. Kumwambia mbwa wa namna hiyo anyooke ni sawa na kumwamuru mtu asogeze masikio.

Ndipo linapoingia beseni. Beseni gumu hugeuzwa kifudifudi, au huchukuliwa sanduku la mbao au matofali mawili yaliyotulia, na mbwa hufundishwa kupanda hapo kwa miguu miwili ya mbele tu. Akishazoea, mwongozaji husimama ubavuni mwake, mbwa akiwa kushoto, kisha hulizunguka beseni taratibu akigeukia kushoto, hatua ndogo moja kwa wakati. Miguu ya mbele ya mbwa iko juu ya beseni na haiendi popote. Ili abaki sambamba na mguu wa mtu hana njia ila kuisogeza miguu ya nyuma kuelekea kwa mtu huyo. Kila anapoisogeza, hata kwa inchi mbili, analipwa.

Zoezi hilo halihitaji uwanja. Chumba cha kawaida kinatosha, na dakika tatu hadi tano kwa mara moja zinatosha pia. Baada ya siku kadhaa mbwa huanza kuzungusha kiuno kabla hata mguu wa mtu haujakamilisha hatua. Kisha beseni hubadilishwa kwa kitu cha chini zaidi, kama kipande cha ubao, na mwishowe huondolewa. Kinachobaki ni mbwa anayejua kwamba ana nusu ya pili ya mwili na kwamba nusu hiyo ina mahali pake.

Wapo wanaotumia njia ya mkato: hutembea kandokando ya ukuta, mbwa akiwa kati ya ukuta na mguu, ili makalio yakose pa kwenda. Ukuta husaidia kwa siku za mwanzo. Lakini mbwa aliyenyooshwa na ukuta mara nyingi hupinda tena ukuta unapokwisha, kwa kuwa aliyekuwa akifanya kazi ni ukuta, si yeye.

Hatua zenyewe huja baadaye, na huja kwa kuhesabiwa. Hatua moja, mbwa yuko sawa, zawadi. Hatua moja tena. Kisha mbili, kisha moja, kisha tatu. Mkufunzi mwenye haraka huruka kutoka hatua tatu hadi kuuzunguka uwanja, na hapo mbwa hujifunza kuanza vizuri na kuharibikiwa katikati. Afadhali hatua tano zilizonyooka kuliko hamsini ambazo nusu yake zimekwenda mrama, kwa kuwa mbwa hukariri zote.

Bega la kushoto

Ukiacha chakula, mbwa husoma mwili wa mtu kwa makini ambayo mtu mwenyewe hana habari nayo. Mwongozaji mwenye wasiwasi hutaka kuhakikisha kwamba mbwa yupo. Anageuza kichwa kushoto na kuangalia chini. Kichwa kikigeuka, bega la kushoto hurudi nyuma bila yeye kujua. Kwa mbwa, bega lililorudi nyuma lina maana ya kupunguza mwendo au kugeuka kushoto, kwa hiyo anabaki nyuma au anatoka nje ili kumpa mtu nafasi. Mtu anaona mbwa amebaki nyuma, anaangalia chini zaidi, na bega linazidi kurudi. Mbwa ametii alichoambiwa, naye mtu anamlaumu kwa kutotii.

Kwa sababu hiyo washindani makini hutumia muda mwingi kufanya mazoezi bila mbwa. Huchora mstari sakafuni au kubandika utepe, wakatembea juu yake wakiangalia mbele, mabega yakiwa sawa. Hurudia kugeuka nyuma mara kadhaa kwa mpangilio ule ule wa nyayo, kwa kuwa nyayo hizo ndizo zitakazokuwa taarifa ya mbwa kwamba kona inakuja. Mtu anayegeuka leo kwa mguu wa kulia na kesho kwa wa kushoto hana haki ya kutegemea mbwa wake awe na uhakika. Siku hizi simu ya mkononi iliyoegemezwa kwenye kiti hurekodi yote, na wengi wanapojitazama kwa mara ya kwanza hushtuka, kwa kuwa walidhani wanatembea wima.

Umbo la namba 8 hulifichua jambo hili kuliko zoezi lolote. Watu wawili husimama uwanjani, kati yao pakiwa na nafasi ya takriban mita mbili na nusu, na mwongozaji huwazunguka kwa mwendo usiobadilika. Anapozunguka upande wa kushoto, mbwa yuko ndani ya duara, hivyo ana njia fupi na lazima apunguze mwendo na kuingiza kiuno. Anapozunguka upande wa kulia mbwa yuko nje, njia yake ni ndefu, na lazima aongeze mwendo. Mtu hairuhusiwi kumsaidia kwa kubadili mwendo wake. Mbwa asiyejua kutumia miguu ya nyuma humgonga mwongozaji katika mzunguko wa kwanza na kuachwa nyuma katika wa pili.

Mvutano juu ya mnyororo

Kwa miongo mingi kazi hii ilifanywa kwa nguvu. Mjerumani Konrad Most, aliyefundisha mbwa wa polisi, alichapisha kitabu chake mwaka 1910, na misingi yake ya kulazimisha ikaenea katika majeshi na vyama vya mbwa. Nchini Marekani kitabu cha William Koehler cha mwaka 1962 kilikuwa mwongozo wa wengi: mbwa huvishwa mnyororo unaobana shingo, na asipokuwa makini na mtu hukutana na mwisho wa kamba kwa kishindo.

Njia hizo zilitoa mabingwa, na si haki kusema kwamba hazikufanya kazi. Lakini kwa zoezi hili mahsusi zina kasoro ya kimaumbile. Kamba inayovutwa juu na kulia huleta kichwa cha mbwa kwa mtu na kuyasukuma makalio nje, yaani hujenga kile kile kinachokatwa pointi. Aidha, mbwa anayemtazama mtu kwa kuogopa asichokijua kitakuja lini hutembea akiwa ameinama, masikio nyuma, na polepole.

Upande wa pili ulitokea mbali na viwanja vya mbwa. Keller na Marian Breland, waliosoma kwa mwanasaikolojia B. F. Skinner, walianza katika miaka ya 1940 kufundisha wanyama wa kila aina kwa malipo na ishara ya sauti. Karen Pryor aliyatumia maarifa hayo kwa pomboo huko Hawaii katika miaka ya 1960. Pomboo hafungwi kamba wala hapigwi. Akichukia huogelea akaondoka. Ilibidi atafutiwe njia ya kuambiwa "hapo hapo umepatia" kwa sauti fupi, kisha alipwe samaki. Kidude kidogo cha mkononi kinachotoa mlio wa "tik", au neno moja fupi, ndicho kilichohamia kwa mbwa. Kwa unyoofu faida yake ni kubwa, maana mlio huweza kuikamata ile nusu sekunde ambayo makalio yameingia ndani, kabla hayajatoka tena.

Mwaka 2020 jarida la kisayansi la PLOS ONE lilichapisha utafiti uliofanywa Ureno kwa mbwa 92 kutoka shule za mafunzo zinazotumia zawadi na zile zinazotumia adhabu. Mbwa wa shule zilizotegemea zaidi adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, kama vile kulamba midomo na kupiga miayo, na homoni ya kotisoli katika mate yao ilipanda zaidi baada ya mafunzo. Sheria nazo zimeanza kusogea. Wales ilipiga marufuku mikanda ya umeme mwaka 2010, na Ujerumani, nyumbani kwa Konrad Most, ilizuia tangu mwaka 2022 matumizi ya mikanda yenye miiba katika kufundisha mbwa. Hata hivyo mabishano hayajaisha, na katika vilabu vingi bado wapo wanaosema kwamba zawadi peke yake haimtoshi mbwa mwenye nguvu na hamu ya kuwinda.

Siku isiyo na nyama

Hapa ndipo wengi huangukia. Uwanjani hakuna chakula wala mpira. Kanuni zinakataza. Mbwa aliyezoea kulipwa kila baada ya hatua nne anaingia mahali pageni, penye harufu za mbwa wengine, mtu wake ananuka jasho la hofu, na malipo hayaji. Katika shindano la kwanza huvumilia. La pili hujiuliza. La tatu amekwisha kujua kwamba palipo na mwamuzi na kamba za uzio hapana malipo, naye hubaki nyuma hatua mbili, akiangalia watazamaji. Nyumbani mbwa huyo huyo ni malaika, na bwana wake huwaambia watu hivyo kwa uchungu wa kweli.

Kinga yake huandaliwa miezi kadhaa kabla. Malipo hupunguzwa bila mbwa kuweza kuyabashiri: baada ya hatua tatu, kisha ishirini, kisha saba, kisha kona nzima. Nyama huondoka mwilini mwa mtu na kuwekwa mezani au nje ya uzio, na mbwa hujifunza kwamba kazi ikimalizika wote wawili hukimbilia huko. Pia hufundishwa katika sehemu nyingi tofauti, penye watoto, penye kelele, akiwepo mtu asiyemjua anayewafuata nyuma kama mwamuzi. Katika mashindano ya Ulaya ya IGP, ambayo hupima pia ulinzi na kufuata nyayo, mbwa hutembea ubavuni huku bastola ikifyatuliwa, na hatakiwi kushtuka wala kuacha mahali pake.

Kwa wanaofanya mazoezi katika miji ya joto kuna la kuongeza. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na mdomo ulio wazi kwa kuhema haukai na kichwa kilichoinuliwa. Mazoezi ya saa saba mchana juu ya lami hayana tija, na nyayo huungua. Alfajiri na jioni ndizo saa zake. Mbwa mdogo ambaye mifupa yake haijakomaa naye asishinikizwe kutembea muda mrefu shingo ikiwa juu. Kwake hatua chache na mchezo mwingi zinatosha.

Wala hakuna sababu ya kumtaka mbwa wa nyumbani atembee namna hii kutoka Kijitonyama hadi Mwenge. Kwa matembezi ya kawaida inatosha kamba isikaze, naye awe huru kunusa na kuangalia dunia. Mwendo wa mashindano ni kazi ya dakika chache yenye amri yake maalumu, na mbwa anapaswa kuambiwa waziwazi inaanza lini na inaisha lini. Mtu anayetumia neno moja kwa mambo yote mawili hupata mbwa asiyejua lolote kati yake.

Aliyefaulu mara tatu katika daraja la kwanza la AKC, mbele ya waamuzi wasiopungua wawili tofauti, hupewa cheo cha CD na kuruhusiwa kupanda. Daraja linalofuata huondoa kamba kabisa, na hata umbo la namba 8 huzungukwa mbwa akiwa huru. Katika daraja la juu zaidi lipo zoezi ambalo sauti yenyewe hukatazwa. Mwongozaji haruhusiwi kutamka neno; huanza kutembea kwa ishara ya mkono, na kwa ishara tu humsimamisha mbwa, akaondoka hadi ng'ambo ya uwanja, akamlaza, akamketisha na kumwita. Mbwa aliyeangalia pembeni kwa sekunde moja hapo hana wa kumwita jina.